Wimbi la Healani

Wifi yangu Healani alizaliwa juu ya farasi, au karibu na hapo. Kwao ni Waimea, huko juu kwenye majani na ukungu, ambako kisiwa chetu husahau kwamba kina bahari. Baba yake alichunga ng'ombe, babu yake alichunga ng'ombe, na yeye mwenyewe, kabla hajaolewa na kaka yangu, alikuwa akimtupia ndama kamba ya shingo huku farasi yuko mbioni na sigara inawaka mdomoni. Bahari kwake ni kitu cha kutazama ukiwa njiani kwenda dukani. Ameishi nasi hapa Kona mpaka wanawe wamekua na kuhamia Las Vegas, kama watoto wa kila mtu, na katika muda wote huo sikumbuki maji kumpita magoti.

Sisi ni kinyume. Sisi ni watu wa ghuba ya Kahaluu. Kaka yangu Iokepa alisimama juu ya ubao wa mawimbi kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na mimi, Wehi, mdogo wake, nilimfuata nyuma nikilia anisubiri. Nusu ya watu unaowaona majini pale asubuhi nimewafundisha mimi, bure, kwa matusi tu. Kwa hiyo nilipokuwa nasikia watu wakisema fulani hawezi kujifunza kupanda mawimbi, nilikuwa nacheka. Nilidhani hakuna mtu wa hivyo.

Kisukari kilimwanzia Iokepa kwenye vidole vya mguu, kikaenda kwenye figo, halafu kikahamia machoni. Jicho la kulia lilikufa wakati wa mvua. La kushoto daktari alilimulika, akavua miwani yake, akasema damu inavujia huko nyuma na hakuna tena la kufanya ila kungoja. Inaweza kuwa miezi, akasema, inaweza kuwa wiki. Kama kuna kitu unapenda kukiona, kione sasa.

Ndugu wakaanza kumpangia. Mmoja akasema apelekwe akaone moto wa volkano. Mwingine akasema apandishwe ndege akawaone wajukuu. Yeye akasikiliza wote, akiwa mezani anakula laulau, nyama ya nguruwe iliyofungwa kwenye majani, ambayo Healani alikuwa anamkatia vipande vidogo.

"Mimi nataka nimwone Hea amesimama juu ya wimbi," akasema. "Mara moja tu. Basi."

"Kaka, una wazimu," nikamwambia. "Mkeo hata bafuni haogi bila kushika ukuta."

"Si wewe ndiye mwalimu? Umewafundisha hata wale wajinga wa benki."

"Wale wajinga wa benki walikuwa wanajua kuogelea."

"Nilimpenda akiwa juu ya farasi," Iokepa akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na sahani yake. "Kwenye mashindano kule kwao. Alipita mbele yangu amesimama kwenye vikuku vya tandiko, hakunitazama hata kidogo. Nataka nimwone hivyo kwenye kitu changu mimi. Nikishamwona, hilo jicho liende zake."

Healani aliendelea kukata nyama. Hana maneno mengi, wifi yangu. Watu wa ng'ombe hawana. Alipomaliza akaweka kisu chini.

"Nitapanda," akasema.

Mimi nilikasirika. Nasema ukweli, nilikasirika na wote wawili. Naona ni jambo la ubinafsi mtu kutamani kitu ambacho mwenzake hana namna ya kumpa bila kuumia. Lakini nani atamwambia hivyo mtu anayepofuka? Kesho yake nikapakia ule ubao wangu mkubwa wa kufundishia, mpana kama mlango, nyuma ya pikapu, tukateremka Kahaluu.

Somo la kwanza lilikuwa mchangani. Lala kifudifudi, piga mikono, sukuma kifua, leta miguu, simama. Alifanya vizuri kuliko wengi. Ana mikono ya chuma, na magoti yanayojua kukunjika. Nikajisemea, loo, kumbe huyu ni wetu. Tukaingia majini, kwa mwendo wa taratibu, mimi nashika mkia wa ubao. Mawimbi ya pale ni madogo, ya upande wa ndani ni ya watoto kabisa. Likaja moja zuri, la kiunoni. Nikamsukuma.

Ubao ulipoanza kuteremka usoni mwa wimbi, Healani alisimama, na hapo hapo akaegemea nyuma, mwili mzima, kama mtu anayekwepa kofi. Ubao ukainua pua, ukasita, wimbi likapita chini yake likaenda zake ufukweni bila mtu. Akaanguka kwa kisogo.

"Egemea mbele," nikamwambia alipoibuka.

"Niliegemea."

"Uliegemea nyuma, wifi. Nyuma kabisa. Nimekuona."

Tukarudia. Nyuma. Tukarudia. Nyuma. Jua likapanda, kasa wakaja kula majani kwenye mwamba, watalii wakaja kuwapiga picha kasa, na wifi yangu bado anaegemea nyuma. Nilipomuuliza kuna nini, alikaa juu ya ubao, miguu imebana pande mbili kama yuko kwenye tandiko, akafikiri kwanza.

"Farasi akishuka bondeni unaegemea nyuma," akasema. "Ukiegemea mbele anakuangusha kichwani mwake, unakufa. Baba alinipiga fimbo mpaka nikajua."

"Huyu si farasi."

"Mimi najua si farasi. Mwili ndio haujui."

Na haukujua. Huo ndio ukweli wote wa habari hii, na ningeweza kuishia hapa. Unaweza kumfundisha asiyejua kitu. Anayejua kingine, na kukijua mpaka kwenye mifupa, utamfundisha wapi? Hata kuanguka alianguka kama mchunga ng'ombe: hakuachia. Kwao ukianguka unashikilia hatamu, farasi asikukimbie ukabaki nyikani kwa miguu. Basi na yeye aking'oka anaukumbatia ubao, na ubao unamzungusha ndani ya povu na kumgonga apendavyo. Alichanika mdomo. Alikanyaga nungu wa baharini, miiba myeusi ikaingia kwenye unyayo, na Iokepa akaita kutoka kwenye pikapu kwamba tumletee huo mguu upesi, dawa ya zamani anayo kibofuni na amekunywa maji mengi tangu asubuhi. Healani alicheka mpaka akakaa chini. Tulitumia siki.

Iokepa tulikuwa tunamwegesha mbele kabisa ya maegesho, pua ya pikapu inatazama maji, vioo viko chini. Kwenye mkono amevaa saa ambayo haisomi tena. Alikuwa anafundisha kwa honi. Fupi moja, rudia. Fupi mbili, pumzikeni. Ile ndefu, alisema, anaiweka akiba ya siku yenyewe. Alimwomba Healani avae kitu cha rangi kali ili asimpoteze katikati ya watu, na Healani akanunua fulana ya mikono mirefu, njano, njano ile ya ndizi iliyoiva, akawa anaonekana kutoka mlimani.

"Unamwona?" nilikuwa nikimuuliza kila tukitoka.

"Namwona vizuri sana. Leo alikaribia."

Hakuwa amekaribia. Lakini sikubishana naye. Nyumbani nilikuwa namwona akimimina kahawa na kidole amekitia ndani ya kikombe, apate kujua imefika wapi. Nilimwona akimsalimu mbwa wa jirani kwa jina la mtoto wa jirani, halafu akacheka kama ni utani. Healani naye aliona. Hakuna aliyesema. Kila asubuhi tulipanda pikapu watatu tukateremka, na kila asubuhi nikawa na haraka zaidi na ukali zaidi, na yeye akawa anaegemea nyuma zaidi.

Nilijaribu kila kitu. Nilimpigia kelele, nikambembeleza. Nilimfunga kitambaa machoni, nikimwambia usitazame bondeni, sikiliza maji tu; akaanguka kwa kisogo bila kutazama. Siku moja, kabla hawajashuka garini, nilikwenda peke yangu pale kwenye mawe ya wazee pembeni mwa ghuba, walipokuwa wakisimama zamani kuomba bahari iinuke, nikaweka jani langu la sadaka. Sikuomba bahari iinuke. Niliomba wimbi moja dogo, la kijinga, la mtoto, na sekunde moja ambayo mwanamke yule atasahau baba yake. Mtu mzima kama mimi, nimesimama nabembeleza mbele ya mawe. Nilirudi kwenye gari nikajiona sina maana.

Ilikuwa siku ya Jumamosi. Niliona mapema kwamba bahari ni nzuri, safi, mawimbi yanakuja kwa foleni bila kugombana. Nikasema moyoni, kama si leo, basi. Healani alipomfunga Iokepa mkanda wa gari asubuhi ile, nilimsikia akimwambia, "Usipepese leo." Iokepa akamshika kidevu akasema, "Pepesa mwenyewe."

Tukaingia. Wimbi la kwanza, nyuma. La pili aliukumbatia ubao, akatoka na damu puani. Akaipangusa kwa mkono wa fulana, akapanda tena. La tatu nilidhani nimeliona. Alisimama, mabega yakaja mbele kidogo, kidogo tu, nikafungua mdomo nimshangilie, na hapo mgongo ukamkumbuka baba yake. Akaenda chini.

Wakati huo lilikuwa limeingia kundi la wanafunzi wa shule moja ya mawimbi ya pale, watalii, na mwalimu wao yuko mbele. Wale huwa wanavaa bluu. Siku hiyo sijui fulana zao za bluu zilikuwa wapi. Walikuwa wamevaa njano. Wote. Nilikunja uso kwa sababu ya kelele zao tu, sikuwaza zaidi ya hapo. Walijipanga upande wa karibu na maegesho, sisi tuko mbali zaidi, karibu na mwamba, na kulikuwa na msichana mmoja kati yao, mrefu, mwembamba kama ufito, nywele nyeupe zimefungwa juu. Wimbi likaja, mwalimu wake akamsukuma. Msichana akainuka mara ya kwanza tu, akakunja magoti, akaelekea kushoto, akateleza mpaka ufukweni anacheka.

Ndipo honi ikalia.

Ilikuwa ile ndefu. Ililia ikaendelea kulia, watu wote majini wakageuza shingo, kasa akazamisha kichwa. Nikatazama. Iokepa ameshuka kwenye gari, amesimama kwa mguu wake mzuri, mkono mmoja ameupitisha dirishani kubonyeza honi na mwingine ameuinua juu, kidole gumba na kidole cha mwisho vimesimama, salamu yetu. Uso ameuelekeza kwa yule msichana. Msichana akadhani ni mzee mkarimu wa mahali pale anampongeza. Akainua mkono naye, akampungia.

Na kaka yangu akalia. Nilimwona kutoka pale. Aliacha honi akajifuta uso kwa kofia.

Healani alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao, kidevu juu ya nta ya kuzuia kuteleza, damu bado inamtoka puani.

"Anampigia nani?" akaniuliza.

Nilikuwa natafuta uongo, na mimi kwa uongo ni mzito. Akainuka akakaa, akatazama ufukweni, akamwangalia msichana, akaangalia fulana yake mwenyewe.

"Yule ni mtoto," akasema. "Yule hana hata makalio."

"Wifi."

"Miaka yote hiyo nalala naye, na hawezi kunitofautisha na yule."

"Hapana. Hawezi."

"Tangu lini?"

"Sijui. Alisema anakuona."

Maji yakatuinua yakatushusha. Nilitaka kupiga kelele kama ninavyopiga siku zote, na sikuwa na mtu wa kumpigia.

"Twende tukamwambie," nikasema. "Tumwambie si wewe. Halafu ujaribu tena, mimi nitamshika mkono, nitamwonyesha upande."

"Nijaribu tena ili aone nini, Wehi?"

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Aliulaza mwili wake juu ya ubao, akaugeuza kuelekea ufukweni, akaangalia nyuma kuna nini kinakuja. Nikaona anachotaka kufanya, nikashika mkia. Nadhani alitaka iwe kweli, hata kama hakuna anayetazama. Kwamba akitoka mle majini asiwe amebeba sifa ya mtu. Wimbi lile lilikuwa zuri kuliko yote niliyoyaona mwaka huu. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote, nikapiga ukelele mbele, mbele, mbele, nikamwita kwa jina la baba yake na la mama yake.

Akaegemea nyuma.

Tulitoka kwa miguu, tunaburuta ubao. Njiani nikamwambia sitaweza kusimama pale nimdanganye ndugu yangu. Akasema hajaniomba nidanganye, ameniomba ninyamaze, kwa mara moja katika maisha yangu. Hakuwa ameniomba hata hilo, lakini nilinyamaza.

Iokepa alisikia miguu yetu kwenye kokoto. Alitanua mikono kabla hatujafika, kidogo pembeni ya tulipokuwa, na Healani akasogea mpaka akawa mbele yake.

"Umechelewa kutoka," Iokepa akamwambia, amemkumbatia na maji yake yote. "Nikajua unataka lingine."

"Nilijaribu lingine," Healani akasema. "Nikaanguka."

"Acha uanguke. Hilo moja linatosha. Hea, nimekuona. Nimekuona kwa jicho langu hili."

Akanigeukia, yaani akaligeukia bega langu. "Mwalimu. Mbona kimya? Leo ndiyo umekosa la kusema?"

"Nimechoka, kaka," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

Nikapakia ubao. Nilikuwa na hasira na yule msichana, na mwalimu wake, na mtu aliyefua zile fulana za bluu, na daktari, na sukari, na mawe ya wazee. Nilifunga ubao kwa kamba, nikakaza mpaka mkono ukauma, halafu nikapanda kuendesha. Healani akakaa katikati, ameloa, mchanga mpaka kwenye nyusi, tundu la pua limeganda damu. Iokepa akakaa dirishani, ameushika mkono wa mkewe kwenye paja lake. Tulipoanza kupanda mlima kuelekea nyumbani, aliendelea kuongea. Sijamsikia akiongea hivyo tangu mguu uanze kumsumbua.

"Ulikaa kimya kwanza," alikuwa anasema. "Ulilingoja. Nikasema, haya, sasa ataondoka mapema kama kawaida yake. Hukuondoka. Likakuinua."

"Eeh," Healani akasema.

"Ukasimama mara moja, bila kupapasa. Magoti yako yale yale. Nilikujua kwa magoti."

Niliweka macho barabarani. Mbele yetu kulikuwa na lori la kahawa linapanda kwa shida, na sikuwa na haraka ya kulipita. Nilingoja wifi yangu aseme neno lolote, amkatishe, abadilishe habari, aseme ana njaa. Badala yake alijiegemeza begani mwa mumewe, akafumba macho.

"Halafu nikafanya nini?" akamuuliza.